Juu ya Maneno "Es gibt" ya Kijerumani, na Jinsi Yanavyolingana na "Kuna" Yetu

Katika lugha ya Kijerumani, ambayo wazee wetu waliiita Kidachi, yamo maneno mawili mafupi ambayo mwanafunzi huyakuta katika majuma ya kwanza ya masomo, hudhani ameyajua, kisha huendelea kuyakosea miaka mingi. Maneno hayo ni es gibt. Kamusi husema maana yake ni "kuna", na kamusi haisemi uongo. Lakini haisemi yote, na hilo lisilosemwa limetupatia sisi wenyewe aibu moja ambayo twataka kuieleza kwanza, ili msomaji aone kwamba jambo hili si la wanavyuoni peke yao.

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa na hospitali moja ya misheni tuwaandikie rafiki zao wa Ujerumani barua ya kuahirisha ziara. Daktari alikuwa safarini kwa majuma matatu, nao wageni walitaka hasa kuonana naye. Tukaandika, kwa moyo mweupe, Bei uns gibt es keinen Arzt, tukidhani tumesema, "Daktari hayupo kwetu." Majibu yalikuja upesi kuliko desturi. Wale rafiki walisikitika mno kusikia kwamba hospitali haina daktari; walikwisha kuitisha kikao, walikwisha kuanza kutafuta daktari wa kutuletea, na mmoja wao aliuliza kwa adabu, lakini kwa maneno yasiyofichika, fedha walizochanga kila mwaka kwa mshahara wa daktari zilikuwa zikienda wapi. Daktari aliporudi aliikuta barua hiyo mezani pake. Ilitubidi tumweleze kwamba si sisi tuliomwondoa kazini, bali ni sarufi. Tulipaswa kuandika Der Arzt ist zurzeit nicht da, na habari ingalikwisha hapo.

Basi na tuyatazame maneno yenyewe. Gibt latokana na kitenzi geben, yaani kutoa au kupa. Es ni neno dogo lisimamalo mahali pa mtenda. Ukifasiri neno kwa neno utapata kitu kama "chatoa", na mwanafunzi mwenye akili huuliza mara moja, "Ni nini kitoacho?" Hakuna kitoacho. Mwalimu na amjibu kwa kumwuliza naye: tusemapo "kumekucha", ni nini kilichokucha? Ile ku- yetu haimtaji mtu wala kitu, hushika mahali pa mtenda tu, na es ya Wajerumani yafanya kazi iyo hiyo.

Kwa sababu hiyo mambo mawili ambayo huwashinda wengine ni mepesi kwetu. La kwanza, gibt haibadiliki kwa umoja wala kwa wingi. Sisi husema "kuna mti" na "kuna miti", na kuna haitikisiki. Mjerumani naye husema es gibt einen Baum na es gibt Bäume. Wanafunzi waliotangulia kujifunza Kiingereza ndio hasa wakoseao hapa, maana katika lugha hiyo neno hubadilika kwa wingi, nao hujitungia es geben ambayo haipo. Katika jambo hili Kiswahili ni mwalimu mwema kuliko Kiingereza, na mwalimu asione haya kukitumia. La pili, es haiondoki. Maneno yakipinduliwa, yaani mahali pakitajwa kwanza, es huhamia nyuma ya gibt lakini hubaki: In der Stadt gibt es ein Krankenhaus, "Mjini kuna hospitali." Anayesema In der Stadt gibt ein Krankenhaus amefanya kosa lile lile la mtu aliyetaka kusema "mjini kuna hospitali" akasema "mjini na hospitali". Nyakati nazo ni rahisi: es gab ni "kulikuwa na", es wird geben ni "kutakuwa na", es gäbe ni "kungekuwa na".

Ugumu waanza katika jina lifuatalo. Kwa kuwa kitenzi ni cha kutoa, kile kinachosemwa kuwa kipo huhesabiwa kuwa ndicho kitolewacho, nacho huvaa umbo la mtendwa, ambalo Wajerumani huliita Akkusativ. Umbo hilo halionekani katika majina ya jinsi ya kike wala yale yasiyo ya kike wala ya kiume. Eine Schule ni eine Schule po pote liwapo, na ein Krankenhaus vivyo hivyo. Laonekana katika majina ya kiume ya umoja tu: ein Weg hugeuka kuwa einen Weg, ein Pfarrer hugeuka kuwa einen Pfarrer. Tumeona darasani kwamba mwalimu akitoa mifano ya shule, kanisa na hospitali kwa mwezi mzima, wanafunzi hawakosei hata mara moja, naye hufurahi. Kumbe hawajajifunza lo lote, maana mifano yote yaficha jambo linalofundishwa. Na achague njia, kisima, mchungaji, daktari na sababu: es gibt einen Weg, einen Brunnen, einen Pfarrer, einen Arzt, einen Grund. Akikanusha, asiseme nicht, bali kein, nalo lifuate jina lake: es gibt kein Wasser, hakuna maji, es gibt keinen Brunnen, hakuna kisima.

Sasa twafika penye kosa la barua yetu. Kiswahili kina njia mbili za kusema kwamba kitu kipo. Twasema "Hakuna daktari", na twasema "Daktari hayupo." Hakuna mtoto wa Kiswahili achanganyaye maneno haya mawili. La kwanza ni la mtu asiyejulikana bado: latangaza kwamba mahali hapa pamekosa daktari. La pili ni la mtu tumjuaye: daktari wetu, yule yule, ametoka. Wajerumani wanayo tofauti hiyo hiyo kabisa. "Hakuna daktari" ni es gibt keinen Arzt. "Daktari hayupo" ni der Arzt ist nicht da. Sisi hatuna neno kama der wala ein la kutangulia jina na kuonyesha kwamba kitu kinajulikana au hakijulikani. Lakini katika sentensi za namna hii kitenzi chetu chatuonyesha. Kwa hiyo mwanafunzi aanze kwa kuisema sentensi yake kwa Kiswahili safi. Ikitoka na yupo, lipo, kipo, zipo, huenda Kijerumani chake kitakuwa cha ist da au sind da: "Funguo zipo?" Sind die Schlüssel da? Ikitoka na kuna, hapo na afikiri juu ya es gibt.

Twasema "afikiri", hatusemi "aandike", kwa sababu tutakayoieleza. Lakini kwanza tutaje kwamba kosa hili lina ndugu yake upande wa pili. Wajerumani wamejifunza Kiswahili tangu zamani; mwaka 1887 kilianzishwa Berlin chuo cha lugha za mashariki ambacho Kiswahili kilikuwa mojawapo ya masomo yake, na tangu mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha huko. Wageni wanaojifunza hupenda kuna kwa kuwa ni neno jepesi, hulitia kila mahali. Tulimsikia mmoja akibisha mlangoni pa nyumba ya mchungaji, akauliza, "Kuna mchungaji?" Mke wa mchungaji akamjibu kwa upole, "Usharika huu una mchungaji tangu zamani, bwana. Tena yumo ndani."

Tumesema kwamba kuna haitoshi kuwa alama ya es gibt. Sababu yake ni kwamba kuna yetu ni pana kuliko es gibt. Sisi twaitumia kwa vitu vilivyomo duniani au katika nchi, na twaitumia pia kwa kitu kilichoonekana sasa hivi mahali fulani. Twasema "Tanzania kuna simba", na twasema "Kuna simba bustanini!" Kwa Mjerumani hizo ni habari mbili. Ya kwanza ni In Tansania gibt es Löwen, maana ni habari ya nchi ilivyo. Ya pili ni Im Garten ist ein Löwe! Mtu akipiga kelele Im Garten gibt es einen Löwen, wenyeji wataelewa, tena watakimbia, lakini maneno yenyewe yamesikika kana kwamba simba huyo ni mmoja wa vitu vya bustani, kama kisima na mwembe, na kwamba yuko mtu amlishaye. Vivyo hivyo In diesem Haus gibt es Mäuse ni malalamiko ya mpangaji: nyumba ina panya wadogo, wamefanya makao. Lakini aliyemwona mmoja akipita jikoni husema In der Küche ist eine Maus.

Basi kwa kitu kilichopo mahali padogo, kwa kitambo, hutumika sein, yaani kuwa. Na mara nyingi zaidi hutumika kitenzi kielezacho jinsi kitu kilivyokaa. Hapa Wajerumani ni wachaguzi kuliko sisi. Sisi husema "kuna kitabu mezani", "kuna picha ukutani", "kuna gari mbele ya kanisa". Wao husema kitabu kimelala, picha imetundikwa, gari limesimama: Auf dem Tisch liegt ein Buch, an der Wand hängt ein Bild, vor der Kirche steht ein Auto. Asemaye es gibt katika sentensi hizi hataeleweka vibaya, ila atajulikana mara moja kuwa mgeni. Lakini nasi tunao uchaguzi ambao wao hawana. Sisi hutofautisha kuna, pana na mna, ingawa siku hizi vijana wengi wasema kuna kwa yote matatu, jambo ambalo halitufurahishi. "Mtungini mna maji" yasema wazi kwamba maji yamo ndani. Kijerumani hakina herufi ya kuonyesha hilo katika kitenzi, nacho hutegemea neno la mahali: Im Krug ist Wasser.

Mwanafunzi ajihadhari hapa na jambo moja dogo. Mjerumani husema pia Es ist jemand an der Tür, "kuna mtu mlangoni", na Es sind zwei Männer im Hof, "kuna watu wawili uani". Es hii yafanana na ile ya es gibt kwa sura, lakini si ndugu yake. Kwanza, kitenzi hufuata wingi, ist kwa mmoja na sind kwa wawili. Pili, mahali pakitajwa kwanza, es hutoweka kabisa: An der Tür ist jemand, im Hof sind zwei Männer. Ile ya es gibt ni mwenye nyumba. Hii ni mgeni aliyekalia kiti mpaka mwenyewe aje. Katika madaftari tuliyosahihisha, nusu ya makosa yalitoka hapa.

Hatutaki msomaji adhani kwamba mpaka kati ya es gibt na sein ni ukuta wa mawe. Ziko sentensi ambazo Wajerumani wenyewe husema kwa njia zote mbili. Chumba chenye madirisha mawili chaweza kusemwa kwa es gibt, maana madirisha hayaondoki. Lakini mwanafunzi akishika kwamba es gibt hupenda yaliyo ya kudumu au ya jumla, na sein hupenda yanayoonekana hapa na sasa, atakosea mara chache.

Ziko hali za hewa, ambazo tutazipita upesi. "Kuna baridi" ni es ist kalt, "kuna giza" ni es ist dunkel. Es gibt haifai hapo. Lakini Morgen gibt es Regen ni Kijerumani chema, nacho maana yake mvua itakuja kesho. Yaani es gibt ikiwa katika wakati uliopo huweza kutabiri: Gleich gibt es ein Gewitter, sasa hivi itapiga radi. Hata wazazi huonya watoto hivyo, Gleich gibt's Ärger, na mtoto wa Kijerumani ajua kwamba ugomvi bado haujafika ila u njiani. Mambo yaliyotukia nayo husemwa hivi: Gestern gab es einen Unfall, jana kulitokea ajali, es gab Streit, kulikuwa na ugomvi.

Mezani, ile maana ya kale ya kutoa yasikika bado. Was gibt es zu essen? haiulizi ni vyakula gani vilivyomo duniani, bali ni chakula gani kinachopakuliwa leo, na jibu ni Heute gibt es Reis mit Bohnen. Mgeni aliyekaribishwa katika nyumba ya Kijerumani atasikia swali hili kabla ya mengine yote. Atasikia pia Was gibt's?, ambayo ni "Kuna nini?" yetu, na Was gibt's Neues?, yaani habari mpya. Na akisikia mtu akisema Das gibt's doch nicht! asidhani kwamba anabishiwa. Mjerumani husema hivyo juu ya jambo aliloliona kwa macho yake, kama sisi tusemavyo "Haiwezekani!" huku jambo lenyewe limekwisha kuwezekana.

Kwa wahubiri na walimu wa dini kuna mahali ambapo kanuni yetu ya yupo na kuna haitoshi, nao na wapaangalie sana. Sisi twasema "Mungu yupo." Kwa maneno haya mawili twaweza kumjibu mtu akanaye kwamba yuko Mungu, na kwa maneno hayo hayo twaweza kumfariji mjane kaburini kwamba Mungu hakumwacha. Kiswahili hakitulazimishi kuchagua, na kwa kweli msikilizaji wetu huyasikia yote mawili pamoja. Mjerumani hulazimika kuchagua. Gott ist da ni neno la faraja: Mungu yu karibu, yu pamoja nasi. Kumjibu yule mpumbavu wa Zaburi ya 14 ni Es gibt einen Gott, au Gott existiert. Tulimsikia mwanafunzi mmoja wa theolojia akihojiana na wenzake wa Ujerumani juu ya wasioamini, akisisitiza mara tatu Gott ist da, nao wakaitikia kwa heshima, kama waitikiavyo sala, wala hawakutambua kwamba alikuwa akijenga hoja.

Tena wako wanatheolojia wa Kijerumani ambao usemi huu haukuwapendeza kabisa ukitumiwa juu ya Mungu. Dietrich Bonhoeffer, aliyeuawa mwaka 1945, alikwisha kuandika katika kitabu chake Akt und Sein, kilichotoka mwaka 1931, akikataa Mungu awekwe katika hesabu ya vitu ambavyo husemwa es gibt, kana kwamba ni kimoja kati ya vilivyopo. Mfasiri asiyejua tofauti tuliyoieleza hataona Bonhoeffer anagombana na nini, maana akifasiri kwa yupo, hoja yote huyeyuka. Kwa Kiswahili hoja hiyo yahitaji kuna: sisi wenyewe kwa kawaida hatusemi "kuna Mungu" kama tusemavyo "kuna mlima", twasema yupo, neno la mtu ajulikanaye. Mfasiri na aitumie tofauti hiyo, asiipoteze.

Hadithi nazo zina desturi yake. Hadithi nyingi za Wajerumani, kama zile zilizokusanywa na ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm, ambao walianza kuzichapisha mwaka 1812, huanza kwa Es war einmal, wala si kwa es gab. Ni usemi wa kale uliobaki, kama vile kwetu msimulizi asivyopenda "kulikuwa na", bali husema "palikuwa na", na wale wa pwani wa zamani walisema "paliondokea". Mwanafunzi aache es gab nje ya ngano.

Mwisho, msomaji atakayepata rafiki kutoka Uswisi, au kutoka pande za kusini-magharibi mwa Ujerumani, asishangae akimsikia akisema Es hat noch Brot, "kuna mkate bado". Huko watu wengi hutumia hat, yaani "ina" au "kina", mahali pa gibt. Sisi tuliposikia maneno haya mara ya kwanza tulicheka kwa furaha, maana ni kuna yetu iliyofasiriwa herufi kwa herufi: ku- ni es, na -na ni ile iliyomo katika "nina" na "ana". Jina lifuatalo huvaa umbo la mtendwa vile vile, es hat einen Brunnen. Ukiwa Basel sema kama wasemavyo wenyeji, watakupenda. Katika mtihani andika es gibt.